Chuo kinataka majina ya wanafunzi "wanaotiliwa shaka" kila mwezi: mlezi wa bweni afanyeje?

MleziWaBweni

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Kenya, ambacho sitakitaja, na kwa miaka minne sasa nimekuwa mlezi wa bweni la wavulana lenye wakaazi 240. Wiki iliyopita uongozi ulitutumia waraka unaowataka wahadhiri wote na walezi wote wa mabweni wawasilishe kwa mkuu wa ulinzi, kila mwisho wa mwezi, majina ya wanafunzi "wanaoonyesha dalili za itikadi kali". Waraka umeambatanishwa na fomu ya ukurasa mmoja yenye safu za jina, namba ya usajili, dini, kaunti anakotoka na dalili zilizoonekana. Miongoni mwa dalili zilizotajwa ni kujitenga na wenzake, kufuga ndevu, kubadilisha mavazi ghafla, kuacha kusikiliza muziki na kukosa mihadhara bila sababu. Kwa kigezo hicho cha mwisho ningelazimika kuandika nusu ya bweni, hasa Jumatatu asubuhi.

Siandiki haya kwa kejeli. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, wakati al-Shabaab walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini au kwenye maombi ya asubuhi. Kwa hiyo sihitaji kukumbushwa kwa nini wakubwa wetu wana wasiwasi. Kinachonisumbua ni mahali walipouelekeza wasiwasi huo. Langoni petu pana mlinzi mwenye kile kifaa cha mkononi cha kugundua chuma. Mwezi Februari niliona kifuniko cha betri kimefunguka na ndani hamna betri hata moja, naye akaendelea kukipitisha juu ya mikoba yetu kama padri anayenyunyizia waumini maji ya baraka. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kwamba betri ziliombwa tangu muhula uliopita. Chuo ambacho hakijapata betri mbili kimepata karatasi za kuchapisha fomu kwa kila mhadhiri.

Sasa nieleze lililonifanya niandike usiku huu. Siku kumi zilizopita kijana mmoja wa bweni langu alinijia akasema mwenzake wa chumbani amebadilika. Hahudhurii mihadhara, ameuza kipakatalishi chake, hupigiwa simu usiku akatoka nje kuzungumza hata mvua ikinyesha, na amedokeza kwamba kuna "kaka" aliyemwahidi kazi nje ya nchi, safari ikiwa ni mwisho wa mwezi huu. Anayesemwa ni kijana mpole wa mwaka wa pili; majuzi tu alinisaidia kupandisha meza ghorofani. Nikimwandika kwenye fomu, naogopa kwamba nitakuwa nimemkabidhi kwa watu wa kukamata kwanza na kuuliza baadaye. Nisipomwandika, na likatokea la kutokea, nitamtazama vipi mama yake, au mama za wengine?

Fomu inatakiwa Ijumaa. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulishughulikia jambo hili, si wa kubahatisha. Je, sheria inanilazimisha kuijaza jinsi ilivyo? Na je, kuna njia ya tatu kati ya kumwandika na kunyamaza?

---

AfisaMstaafu

Mwalimu, nimetumikia polisi miaka 26, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa Kaskazini Mashariki, basi niruhusu niseme lisilopendeza. Siku chache kabla ya Garissa, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kwamba kulikuwa na taarifa za kijasusi kuhusu uwezekano wa shambulio dhidi ya chuo kikuu. Taarifa haikukosekana. Waliokosekana ni watu wa kuitilia maanani.

Tena kumbuka kwamba mmoja wa wale wanne waliofanya unyama ule alikuwa mhitimu wa sheria wa chuo hichohicho cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Alikuwa na wahadhiri waliosahihisha kazi zake na wenzake waliokula naye meza moja. Baba mzazi alikuwa na ujasiri wa kwenda kwa wakuu wa usalama kuripoti kwamba mwanawe ametoweka. Ikiwa baba aliweza kumripoti damu yake, mhadhiri anashindwa nini kuandika jina la mtu ambaye hata si ndugu yake?

Fomu yenu ina kasoro, sikatai. Mambo ya ndevu ni upuuzi wa mtu aliyekaa ofisini. Hata hivyo, afadhali jina la ziada kuliko jeneza la ziada. Liandike, uwaachie wenye kazi yao.

---

WakiliWaMtaani

Kwa heshima zote kwa Mzee Afisa, nitajibu swali la sheria kwanza, kwa sababu Mwalimu ameuliza na Ijumaa haiko mbali.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 iliongezewa kifungu cha 12D na marekebisho ya sheria za usalama ya Desemba 2014. Kifungu hicho kinamwekea adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 30 mtu anayekumbatia au kueneza imani kali kwa lengo la kuwezesha vurugu za kiitikadi. Uzito wote umo katika maneno "kwa lengo la kuwezesha vurugu". Mtu hatiwi hatiani kwa kuwa mkali wa dini, kwa kuchukia siasa za serikali, wala kwa kuacha muziki. Fomu inayokusanya ndevu na mavazi haitafuti kosa hilo. Inatafuta aina ya watu.

Pili, safu za dini na kaunti. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka imani ya mtu na asili yake ya kikabila katika kundi la data nyeti, na anayezikusanya anatakiwa aeleze msingi wa kisheria wa kufanya hivyo, atazitunza wapi, ni nani atazisoma na zitafutwa lini. Najua Mzee atanitajia usalama wa taifa. Ni kweli sheria hiyo ina msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, lakini ni pale ambapo jambo lenyewe ni la lazima kwa usalama huo. Mtu hawezi kuuvaa msamaha huo kama koti kila anapotaka kuandika dini za watoto wa watu kwenye karatasi iliyopigwa chapa na kupitishwa mkono kwa mkono. Juu ya hayo, kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, na cha 47 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio halali na wa haki. Mwanafunzi akisimamishwa masomo kwa sababu ya orodha asiyojua kwamba yumo, chuo kitakuwa na kazi ngumu mahakamani.

Kwa hiyo, Mwalimu, hulazimiki kuijaza ilivyo. Andika barua fupi kwa msajili, uulize msingi wa kisheria wa safu hizo mbili, ueleze kwamba uko tayari kuripoti tendo, tishio au mpango wowote wa vurugu utakaoujua, na ukae na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Muhuri huo usiudharau. Ndio utakaokukinga siku mtu atakapodai kwamba ulikaa kimya.

Niongeze moja kutoka ng'ambo. Uingereza walitunga sheria mwaka 2015 inayoviwajibisha vyuo kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, na sheria hiyohiyo inavitaka vyuo vizingatie uhuru wa kujieleza. Pamoja na tahadhari hiyo, mwaka huohuo iliripotiwa kwamba mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Staffordshire, aliyekuwa akisomea masuala ya ugaidi, alihojiwa kwa sababu alionekana maktabani akisoma kitabu kuhusu ugaidi. Chuo kiliomba radhi. Huyo alikuwa akisoma somo lake! Mpe mtu fomu ya dalili, naye ataziona dalili, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa.

---

Ukhti_Z

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote. Nataka kusema kuhusu upande wa pili wa fomu, yaani upande wa wanaoandikwa.

Nilikuwa katibu wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu katika chuo kimoja kwa miaka miwili. Baada ya uvumi fulani wa usalama, ambao hadi leo hatujui ulianzia wapi, uongozi ulifunga chumba chetu cha swala "kwa ukarabati" na kutaka orodha ya wanachama wote pamoja na namba za simu. Tuliitoa orodha hiyo kwa sababu hatukuwa na la kuficha. Ukarabati haukufanyika. Tulipochungulia dirishani baada ya miezi mitatu tuliona mikeka yetu bado imekunjwa palepale tulipoiacha, imejaa vumbi, na saa ya ukutani imesimama.

Kilichofuata wakubwa hawakukiona kwa sababu hawakuwa wakitazama huko. Zamani, kijana akija na video ya ajabu kwenye simu yake, au akianza kuwaita wenzake makafiri, tulikuwa na ustadhi wa kumkalisha chini baada ya swala ya Ijumaa na kumsomesha aya kwa aya mpaka anyamaze au abishane kwa hoja. Ustadhi huyo alikuwa akijulikana na Mkuu wa Wanafunzi; walikuwa wakinywa chai pamoja. Chumba kilipofungwa, baadhi ya ndugu zetu wa kiume walikodi chumba nje ya chuo, mlango wa nyuma wa duka la vipuri, na huko aliyekuja kusomesha hatukumjua. Ustadhi wetu hakualikwa. Sisemi kwamba aliyekuja alikuwa mtu mbaya. Nasema hatukumjua, na kabla ya hapo tulikuwa tukiwajua wote.

Mzee wangu Afisa, shikamoo. Baba yule wa Mandera hakujaza fomu ya ndevu. Alisema mwanangu ametoweka, na kijana alikuwa ametoweka kweli. Watu wetu huripoti jambo la kweli wanapomwamini anayepokea. Baada ya orodha ile ya namba zetu za simu, nakuhakikishia kwamba mimi mwenyewe, niliyekuwa na bidii ya kila kitu, nisingekwenda ofisi ile hata kuripoti mkoba ulioachwa korido.

---

MshauriNasaha

Mwalimu, nimekuwa mshauri nasaha wa wanafunzi kwa miaka 19, katika vyuo viwili. Wakili amekupa la kufanya na karatasi. Mimi nitakueleza la kufanya na kijana, kwa sababu mwisho wa mwezi anaoutaja una uzito kuliko Ijumaa ya fomu.

Kwanza, hayo uliyosimulia si sawa na yaliyo kwenye fomu, na ni muhimu uione tofauti. Ndevu na muziki havinielezi chochote. Mtu asiyejulikana na familia, aliyeahidi kazi nje ya nchi, mwenye tarehe ya safari, anayepiga simu za siri, pamoja na kijana anayeuza vitu vyake: hayo yananiamsha usiku. Huenda ni al-Shabaab, maana ni jambo linalojulikana kwamba wamewavuta vijana wetu kwa ahadi za kazi na pesa ambazo hazikutaja vita hata kidogo. Huenda ni wasafirishaji haramu wa watu. Huenda ni utapeli wa kawaida wa ada ya viza. Kwa hatua yako ya kwanza haijalishi ni kipi, kwa sababu kwa yote matatu kijana yuko hatarini kabla hajawa hatari kwa mwingine.

Zungumza naye kesho, wala usimwite ofisini. Wavulana nilioshughulika nao walifunguka mikono ikiwa na kazi: kubeba kitu, kumenya kitu, kutembea kwenda mahali. Usimwulize "umejiunga na nani?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni hapana. Muulize amekula nini leo. Muulize mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, umeingia au bado, na kama ana deni. Muulize huyo kaka walikutana wapi, ni nani mwingine anayemjua, ameomba kitambulisho au pasipoti, na kama mama anajua kuhusu safari. Swali la mama ndilo langu la kutegemewa kuliko yote, kwa kuwa kazi ya halali haifichwi mama. Ukimsikia anasema "ameniambia nisimwambie mtu mpaka nifike", hapo umefika penyewe.

Jina la aliyekuletea habari lisitoke kinywani mwako wala kuandikwa popote. Nimeona chumba ambamo vijana wawili waliokuwa marafiki waliishia kulala kila mmoja ameelekeza uso ukutani kwa muhula mzima, kwa sababu mlinzi mmoja aliropoka.

Sasa, ni lini mtu anaacha kuzungumza na kwenda kuripoti? Mimi nikisikia tarehe ya safari iliyo karibu, au silaha, au tishio dhidi ya mtu au mahali palipotajwa, sisubiri kikao cha kamati wala mwisho wa mwezi wa fomu yoyote. Naenda saa hiyohiyo, na naenda na kijana mwenyewe ikiwezekana, au na mzazi wake. Kuripoti mtu akiwa pembeni yako, akijua unachokisema, ni tofauti kabisa na kumtumbukiza kwenye orodha. Hata Uingereza aliyoitaja Wakili, mpango wao wa kuwasaidia walio hatarini kuvutwa unahitaji ridhaa ya mhusika. Mkakati wetu wa kitaifa wa 2016 wa kukabiliana na itikadi kali za vurugu nao uliweka nguzo ya elimu na nguzo ya msaada wa kisaikolojia, kwa hiyo hakuna mkubwa wa chuo anayeweza kusema kwamba serikali inataka orodha tu.

Kuhusu baba wa Mandera, mimi naisoma habari hiyo kinyume na Mzee Afisa. Yule mzazi aliripoti, na kwa maelezo ya serikali yenyewe alikuwa akisaidiana na wenye mamlaka kumtafuta mwanawe shambulio lilipotokea. Jina lilikuwa limeshafika. Wangeongezewa majina 400 ya wavulana wasiosikiliza muziki, hilo moja lingeonekana kwa urahisi zaidi au lingezama?

Na jambo la pembeni, ingawa kwangu si la pembeni sana: panga na mawe niliyoyaona kwa macho yangu chuoni kwa miaka yote hii yalikuja na uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi na ukabila wake. Vijana walifungiwa vyumbani kwa sababu ya lugha ya mama zao. Fomu yenu haina safu ya mwanasiasa anayetuma pesa za pombe bwenini wiki ya kampeni.

---

MhandisiMajengo

Ndugu Mlezi, nitakwenda moja kwa moja kwenye milango, kwa kuwa wengine wameyamaliza ya mioyo.

Siku kumi tu baada ya Garissa, tarehe 12 Aprili 2015, hitilafu ya umeme ililipuka kabla ya mapambazuko karibu na mabweni ya Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakukuwa na gaidi hata mmoja. Wanafunzi waliamini wamevamiwa, wakakanyagana ngazini na wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 waliumia. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore walifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi, ambalo wengi ndani ya majengo hawakujua kwamba ni zoezi. Watu waliruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki na makumi walijeruhiwa, na chuo kikaomba radhi. Mwaka mmoja, vyuo viwili, vifo viwili, bila adui kuwepo. Wakubwa wanaozungumzia usalama wa wanafunzi wangeanza hapo, kwa kuwa sehemu hiyo yote iko mikononi mwao na haihitaji taarifa ya kijasusi ya mtu yeyote.

Nimekagua mabweni mengi. Kasoro ninayoikuta kuliko zote ni mlango wa nyuma uliotiwa kufuli kwa nje saa nne usiku kuzuia wezi wa nguo zilizoanikwa. Bweni moja, ambalo sitalitaja, ufunguo wa mlango huo ulikuwa na mhudumu anayelala mjini, kilomita saba kutoka hapo. Ngazi ya pili ilikuwa imejaa vitanda vilivyovunjika. Niliuliza ni nani atavitoa, nikaambiwa vinasubiri kikao cha kufuta mali. Dawa yake ni komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Fundi wa chuma analitengeneza kwa siku moja.

Jambo lingine ni king'ora. Vyuo vingi vina kengele moja kwa kila kitu. Moto unataka watu watoke wote na wakutane uwanjani. Watu wenye bunduki wakiwa uwanjani, kengele hiyohiyo inawapeleka watoto kwao. Lazima pawe na milio miwili tofauti, au kipaza sauti na mtu anayejua la kusema, na lazima kila mwanafunzi aujue mlio wa kila kimoja katika wiki ya kwanza, mchana, baada ya kutangaziwa siku na saa. Zoezi la kushtukiza halipimi utayari wa mtu, linampima tu kama ana moyo imara.

Garissa palipofunguliwa tena Januari 2016, ndani ya chuo palikuwa na kituo cha polisi. Ni jambo jema, ila kituo hakifungui mlango wa nyuma.

---

AfisaMstaafu

Ukhti, marahaba. Nimesoma na nimerudia kusoma. Bado naona kwamba mwalimu asiyeripoti kwa kuogopa kumkosea mtu ni hatari, na sitabadili kauli hiyo. Ila Mshauri amenigusa pale aliposema jina lilikuwa limeshafika. Mimi nimewahi kukaa upande wa meza inayopokea. Tulikuwa tukiletewa karatasi za namna hiyo kwa mafungu, na nakiri kwamba fungu likizidi unene wa kidole tulikuwa tukisoma ukurasa wa juu. Mwalimu, mpeleke kijana pamoja na mzazi. Akija na mzazi, hata afisa mkali huvuta kiti.

---

MleziWaBweni

Nawashukuru sana, Mzee, Wakili, Ukhti, Mshauri na Mhandisi. Zimepita wiki mbili, nami naona ni haki mjue yaliyojiri, kwa kadiri ninavyoweza kusema bila kumfichua mtu.

Nilimwomba kijana anisaidie kupanga vitabu vya maktaba ndogo ya bweni, Jumatano jioni. Tulipanga rafu mbili bila maneno. Rafu ya tatu nikamuuliza kuhusu HELB, akaanza kulia akiwa ameshika kamusi. Alikuwa amepoteza mkopo wote kwenye kubeti, akakopa kwenye programu tatu za mikopo ya simu, na akauza kipakatalishi kwa shilingi 14,000 ambazo hazikulipa hata nusu ya deni. "Kaka" alimpata kwenye kundi la simu la watu wanaotafuta kazi. Kazi yenyewe ni ya ghala katika nchi jirani. Mahali halisi angeambiwa akishafika mpakani, na alikuwa ameshatuma picha ya kitambulisho mbele na nyuma. Nilimuuliza kama mama anajua. Akasema alikuwa ameambiwa asimwambie mpaka afike.

Usiku huohuo nilimpigia mshauri wa chuo chetu, na asubuhi mama yake alipanda matatu ya kwanza akaja. Walikwenda watatu kuandikisha taarifa, kijana mwenyewe akiwa na simu yake mkononi, na Mzee alisema kweli: afisa alivuta kiti, kisha akaagiza mama aletewe maji. Yule kaka alikuwa nani hasa, hatujaambiwa, na namba yake haipatikani tangu siku hiyo. Kijana amerudi darasani, ingawa wiki ya kwanza alikuwa akiketi karibu na mlango.

Fomu niliirudisha Ijumaa ikiwa tupu, pamoja na barua kama alivyoelekeza Wakili, ikapigwa muhuri. Msajili aliniita, hakufurahi, lakini wiki hii umetoka waraka mwingine unaosema safu za dini na kaunti zisijazwe hadi chuo kipate ushauri wa kisheria. Safu ya ndevu ingalipo.

Juzi saa tano usiku nilikwenda kuutazama mlango wa nyuma wa bweni langu, jambo ambalo kwa miaka minne sikuwahi kulifanya. Una kufuli kwa nje. Nilimwamsha mhudumu, ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti lake jingine, nyumbani. Ombi la komeo nimelipeleka ofisi ya majengo mara mbili na nimepewa namba ya ombi. Kwa sasa nimenunua kufuli nyingine kwa pesa yangu, nimeifunga kwa ndani badala ya ile ya nje, na ufunguo wake unaning'inia msumarini kando ya mlango, umefungwa utepe mwekundu. Mhandisi, kama kuna njia bora zaidi ya hiyo wakati tukisubiri, naomba unielekeze.